Paro hali, hatagi, amepauka: pima maji kabla hujakimbilia dawa

Tuelewane kwanza tunamuongelea nani. Paro, yaani Parosphromenus, ni kisamaki cha sentimita tatu hivi, mkubwa kabisa anagusa nne, kwao ni kwenye misitu ya kinamasi ya Malaysia, Sumatra, Borneo na visiwa vya Bangka na Bintan. Huko maji yanalala juu ya majani na mizizi iliyooza miaka na miaka mpaka yanakuwa na rangi ya chai ya rangi, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) inashuka hadi 4 na sehemu zingine chini ya hapo, na madini ndani yake karibu hakuna. Ni adimu kwa sababu misitu yenyewe inakaushwa na kupandwa michikichi, ndio, mchikichi huu huu wa mawese ya Kigoma, mti wa Afrika umeenda kumhamisha samaki wa watu huko Asia.

Mimi niko Dar, nafuga hawa mwaka wa nne sasa, na nimeua wengi kabla sijaelewa, sifichi. Kila ninayemuona anahangaika nao anaanza kuuliza dawa. Dawa ya nini wakati hujapima maji?

MAJI MEUSI TII ILA SAMAKI WANYONGE

Hili ndio kosa langu la kwanza na ndio la karibu kila mtu. Nyumbani tuna kisima, na visima vingi vya huku mjini vina chumvi, nilikuja kupima baadaye TDS, yaani kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, ikasoma mia tisa na kitu. Mi sikujua hata TDS ni mdudu gani. Nilisikia tu "maji meusi", nikaenda kuokota majani ya mkungu, nikajaza kwenye tenki, baada ya siku nne maji yakawa na rangi nzuri kweli yaani ukipiga picha unasema hapa ni Borneo. Samaki wakakaa chini kwenye kona wamekunja mapezi, wiki ya pili wa kwanza akafa, wiki ya tatu wakaisha.

Kumbe maji meusi sio rangi, rangi ni matokeo tu. Kinachomfaa paro ni utupu, maji yasiyo na chokaa wala chumvi. Maji ya kisima chenye chokaa yanaimeza ile asidi ya majani yote, unaweza ukaweka gunia zima la mkungu na pH isitoke kwenye 7 na ushee, wewe unaona weusi unaridhika. Ukianza na maji matupu, majani mawili matatu tu yanashusha pH yenyewe mpaka 5 bila kubembeleza.

Kwahiyo ukiona dalili hii, nunua TDS mita, sio ghali, chovya usome. Ikizidi 100 umeshapata jibu, acha kutafuta lingine. Mimi nalenga chini ya 50 kwa kuwafuga na chini ya 30 nikitaka mayai.

Maji matupu yanatoka wapi? Mvua. Masika na vuli nakinga kwenye simtank, ila kuna mambo. Mvua za kwanza za msimu ziache zioshe paa, vumbi na kinyesi cha kunguru wa mji huu unakijua mwenyewe. Na kama bati ni jipya la kung'aa usikinge kabisa kwa ajili ya hawa samaki, lile bati limepakwa zinki na zinki kwenye maji laini yenye asidi ni sumu kali, samaki anahema juu juu halafu anageuka. Mimi siku hizi natandika turubai safi uani wakati mvua imeshanyesha nusu saa, inamiminikia kwenye ndoo, maji yanasoma 5 mpaka 10, safi kuliko ya dukani.

Wengine wanatumia maji ya betri. Sawa, ila soma chupa mara mbili, maana kwenye rafu hiyo hiyo kuna chupa ya asidi ya betri na zinafanana. Na yale maji ya kunywa ya kujaziwa madumu mtaani pima kabla ya kuamini, mengine yamerudishiwa madini na mengine yamechujwa tu juu juu.

Mkungu wenyewe hauna tabu, upo kila kona ya pwani hii, na asili yake ni huko huko Asia walikotoka paro. Okota yaliyoanguka yenyewe, makavu, ya kahawia, mbali na barabara na mbali na bustani zinazopuliziwa dawa. Suuza, loweka siku moja, basi. Jani moja kubwa kwa lita kumi linatosha kuanzia.

NIMEBADILISHA MAJI ASUBUHI, JIONI WAMEKUFA

Hii inauma kwa sababu umefanya usafi, umefanya jambo jema, halafu unakuta wanaelea. Inawapata sana watu ambao tenki limekaa miezi bila shida.

Iko hivi. Kwenye maji yenye pH ya 5 kushuka chini, bakteria wale wa kwenye chujio wanaokula uchafu wa samaki wanalala au wanafanya kazi kidogo mno. Kwahiyo amonia ya mikojo na chakula inajikusanya, lakini kwa sababu maji ni ya asidi inakaa kwenye hali ya amoniamu ambayo haiwadhuru sana, samaki wanaishi nayo hata hawaonyeshi. Sasa wewe siku hiyo mvua imeisha kwenye simtank unasema ngoja niweke ya bomba kidogo, pH inapanda kutoka 4.8 mpaka 7 na nusu ndani ya dakika kumi, na ule mzigo wote wa amoniamu unaanza kugeuka amonia yenyewe. Utaona wanapumua haraka haraka juu ya maji, mashavu mekundu, halafu kwisha.

Ukiwakuta bado wanapumua usiongeze maji mengine ya bomba "kuwasafishia", unazidisha. Weka maji ya mvua yaliyolowekwa mkungu ili pH irudi chini, zima taa, acha kulisha siku mbili. Na kuanzia hapo badilisha kidogo kidogo, mimi natoa jagi moja la lita moja na nusu kila wiki kwenye tenki la lita ishirini, naweka maji yaliyotayarishwa kwenye dumu la pembeni yenye pH ile ile, nayamimina kwa mpira mwembamba wa dripu. Kama huna maji yanayofanana, bora usibadilishe wiki hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo ukipokea samaki waliosafiri siku mbili kwenye mfuko usichanganye maji ya mfuko na yako polepole masaa matatu kama wanavyofundishana, ukifungua tu pima pH, kama imeshuka sana ndani ya mfuko andaa maji yenye pH hiyo ya chini uwahamishie.

HAWALI KABISA

Umeweka chakula cha vipande, cha punje, cha bei mbaya cha kopo la Ujerumani, hawageuki hata kuangalia. Hawaumwi. Paro anakula kinachotembea tu, kile cha kopo kwake ni takataka inayozama. Kuna wachache wanafundishika kula chakula cha barafu kikitikiswa, ila usimtegemee huyo.

Kwahiyo kabla hujanunua paro anza kufuga chakula chake. Artemia, vile vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, ndio mhimili: chupa ya lita moja, chumvi ya mawe vijiko viwili vya chakula, mayai kidogo kwenye ncha ya kijiko, pampu ya hewa ichemshe, kwa joto la Dar baada ya saa ishirini na nne unaona wekundu unacheza. Na hapa ndipo maji yangu ya kisima yalipopata kazi hatimaye, artemia wanataka maji magumu, kwenye maji ya mvua matupu wanatotolewa vibaya. Ukiwavuna wachuje kwenye kitambaa chepesi uwasuuze na maji ya mvua, la sivyo kila mlo unamwaga chumvi kwenye tenki dogo na mwisho wa mwezi unashangaa TDS imepanda imefikaje.

Minyoo midogo nayo rahisi, kopo la siagi, uji mzito wa dona, hamira punje chache, mbegu ya minyoo kutoka kwa mwenzio, wiki moja wanapanda kuta za kopo unawafuta na kidole. Minyoo hao wana mafuta mengi, wape mara mbili kwa wiki tu. Viroboto maji (daphnia) wakubwa paro hawawezi kuwameza, chagua wadogo. Viluwiluwi vya mbu waliototolewa leo leo wanawapenda kweli, lakini funika ndoo na neti na uvune kila siku, mji huu una historia ya dengi na jirani hatakuelewa ukimwambia unafuga mbu kwa ajili ya samaki.

Kama umeleta artemia hai na bado hawali siku ya tatu, sasa ndio rudi kwenye maji, au chukua tochi usome hapa chini.

VUMBI LA DHAHABU

Zima taa ya chumba, mulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona kama amenyunyiziwa unga wa dhahabu mgongoni na kwenye mapezi, na siku mbili hizi alikuwa anajikuna kwenye majani, huo ni ugonjwa wa velveti, unaletwa na kimelea, na kwa paro ndio muuaji namba moja. Bila tochi hutauona mpaka uwe umechelewa. Mimi namulika kila Jumapili, mazoea tu.

Usikimbilie dawa za shaba. Kwenye maji laini ya asidi shaba haina kitu cha kuishika, kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa maji ya kawaida kinamuua paro kabla ya kimelea. Ninachofanya: namhamishia kwenye ndoo safi yenye maji yale yale, nafunika na kitambaa cheusi kwa sababu hicho kimelea kina kijani kama mmea na kinapenda mwanga, naweka chumvi isiyo na madini joto gramu moja kwa lita, kesho yake naongeza ya pili, nalisha artemia kidogo, siku kumi. Halafu chumvi naitoa polepole kwa maji ya mvua. Wakiwahiwa wengi wanapona. Wakishaanza kubanduka ngozi mara nyingi ni kuchelewa.

Na jiulize umeutoa wapi. Velveti hulipuka samaki wakishtuliwa, safari, joto kupanda ghafla, mwenzao mpya ambaye hukumtenga. Tenga kila mgeni wiki nne, hata akija na uso wa malaika.

WAMEPAUKA, WANA MISTARI TU

Hapa sitakaa sana. Paro aliyepauka mwenye mistari miwili ya kahawia ni paro ambaye hajisikii salama au hana sababu ya kujipamba. Taa kali, tenki tupu, samaki wengine wakubwa wanaopita juu kama daladala. Jaza majani chini, mimea ya kuelea juu, ondoa wageni wote, subiri wiki mbili. Dume likitulia linavaa bluu ya kuwaka na wekundu kwenye mapezi, utadhani ni samaki mwingine.

HAWATAGI, AU WANATAGA MAYAI YANAPOTEA

Kwanza hakikisha una dume na jike. Unacheka? Nilikaa miezi mitano na "jozi" ya madume mawili, mmoja alikuwa mnyonge tu kajificha rangi. Jike mapezi yake ni meupe ya kuonea au yana rangi hafifu sana, na akishiba vizuri tumbo linakuwa la mviringo. Nunua vijana sita uwaache wachaguane, ni rahisi kuliko kubahatisha wawili.

Pili, pango. Wanatagia kwenye dari. Kule ng'ambo walizoea vikopo vya filamu za kamera, sisi tuna kifuu cha nazi. Nusu kifuu, kichemshe mara nne tano mpaka maji yasitoke mafuta, toboa mlango mdogo ubavuni, kifunike juu ya majani. Au kipande cha bomba la plastiki la inchi moja, sentimita tano sita, kiegemee kimeinama kidogo. Weka matatu manne, dume lichague. Mlango uwe upande unaoweza kuchungulia kupitia kioo, utanishukuru.

Tatu, kama kila kitu kipo na bado wamekaa tu, walishe artemia wiki mbili mara mbili kwa siku halafu toa robo ya maji uweke ya mvua yaliyopoa nyuzi mbili tatu chini. Kwao hiyo ndio dalili ya mvua kunyesha. Mara nyingi kesho yake au ya pili dume linasimama mlangoni limetandaza mapezi yote, spishi zingine kichwa chini zingine kichwa juu, linatetemeka, jike linakuja linarudi linakuja.

Mayai yakitagwa unakuta makumi machache, meupe, yamenata darini katikati ya mapovu machache. Dume linalinda, jike linafukuzwa, kama tenki ni dogo mtoe. Sasa yakigeuka ukungu siku ya pili, ni TDS tena. Nilikuwa na 70, ukungu kila mara, nikashuka 25, pH 4.7, yakatotolewa yote isipokuwa manne. Maji ya asidi yanawazuia bakteria na kuvu, na yai la paro limeumbwa kwa maji hayo. Kuweka dawa ya buluu ya kuzuia kuvu wakati maji yana chokaa ni kupaka rangi ukuta unaobomoka.

Yakipotea kabisa usiku mmoja, aidha konokono, aidha jike amerudi, aidha dume ni kijana na ameyala. Dume linalozaa mara ya kwanza linakula, lipe nafasi nne. La kwangu lilikula mara tatu, ya nne likatulia. Au ni wewe mwenyewe na tochi yako. Siku ya tatu ya yale mayai ya mara ya nne uvumilivu ulinishinda, nikakiinua kifuu kwa vidole viwili nione. Vilikuwa vimeshatotolewa, vimening'inia darini kama alama za mkato, na kwa mtikisiko ule vikaanza kudondoka kimoja kimoja vinazama kwenye majani. Lile dume, sentimita tatu zima, halikukimbia. Likaanza kuvifuata chini, kinakamatwa mdomoni, linapanda nacho linakitema darini, linashuka tena. Nilikirudisha kifuu taratibu nikakaa chini kwenye kiti karibu saa nzima naangalia linavyofanya kazi niliyoisababisha mimi. Tangu hapo sigusi.

VIFARANGA WALIKUWEPO, SIWAONI

Wanatotolewa siku ya pili au ya tatu, wananing'inia, wanaanza kuogelea wenyewe baada ya kama wiki moja tangu kutagwa. Hapo ndipo wengi wanawapoteza, na sababu ni mbili, njaa na haidra.

Njaa: artemia ya jana haifai, imeshakula kiini chake na imekuwa kubwa. Iwe ya asubuhi hiyo. Kwa spishi ndogo kama ornaticauda au parvulus siku za kwanza hata hiyo ni kubwa, wape maji ya mawingu yenye vijidudu, jani la mkungu lililooza kwenye chupa dirishani wiki moja linakupa bure. Tumbo la kifaranga aliyekula artemia linakuwa na rangi ya chungwa, mulika uone, usikisie.

Haidra ni vile viuzi vyenye mikono vinavyonata kwenye kioo, vinakuja na chakula hai cha madimbwini na vinashangilia artemia kuliko samaki. Ukiviona viwili leo wiki ijayo ni mia mbili. Kwenye tenki la vifaranga hakuna dawa nzuri, navuta vifaranga kwa mpira wa hewa mpana nahamishia kwenye beseni jipya, la zamani naliosha na maji ya moto. Ndio maana chakula cha dimbwi nawapa wakubwa tu.

Wengine huwa wapo ila huwaoni. Ni viuzi vya milimita chache vya kahawia juu ya majani ya kahawia. Niliwahi kuhesabu saba, nilipohamisha baada ya wiki sita nikatoa kumi na tisa.

JOTO

Januari mpaka Machi tenki langu linafika 31, na paro anataka 22 hadi 28. Hafi siku hiyo, ila hatagi, hali vizuri, na velveti inanusa. Weka tenki sakafuni chumba cha kivuli, feni ndogo ipulize juu ya maji kupitia wavu (mfuniko ni lazima, wanaruka), inashusha nyuzi mbili. Maji yakipungua kwa mvuke ongeza ya mvua matupu, kwa sababu kinachopaa ni maji tu, madini yanabaki. Umeme ukikatika usiwe na presha na chujio, kwa jozi moja kwenye lita ishirini hata sponji linaweza kulala usiku kucha.

JINA

Karibu kila paro anayeuzwa anaitwa deissneri. Deissneri mwenyewe, aliyepewa jina na Bleeker, mtaalamu wa samaki wa Kiholanzi, mwaka 1859, ni wa Bangka na dume lake lina uzi katikati ya mkia. Wa madukani mwenye mkia wa mviringo mara nyingi ni bintan, huyu alipewa jina 1998, au ndugu zake. Majike ya spishi hizi yanafanana mno, ukichanganya huwezi kuwatenganisha tena, unapata machotara ambao hakuna wa kukubadilishia. Kama hujui wako ni nani, waite kwa mahali walikotoka au mtu aliyekupa na tarehe, kila kundi tenki lake. Mimi naandika na kalamu ya wino kwenye plasta nabandika kwenye kioo, na mfuko ukitoka hapa kwangu plasta inatoka nao.